Kulwa na Doto: jibu kutoka kwa Shija

Mkuu, umeuliza Kulwa na Doto ni majina ya kina nani hasa, nani mkubwa kati yao, na kama mkeo Mchaga anaweza kuyakataa majina hayo mapacha wenu wakizaliwa. Nakujibu kama mtu wa Kahama, tena ninayeitwa Shija. Kwetu Shija ni anayezaliwa mara baada ya mapacha, awe wa kike au wa kiume. Hakuna aliyeumiza kichwa kunitafutia jina. Mzee wa Kisukuma nikijitambulisha kwake, kabla hajauliza kwetu wapi, utasikia: "Kulwa na Doto hawajambo?"

Ukubwa hauna mjadala: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wawe wavulana, wasichana au mchanganyiko. Ukisikia Doto Biteko, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, umeshajua kuwa kuna aliyemtangulia.

Sisi Wasukuma na Wanyamwezi tunasema ni yetu. Ila pwani nako yapo zamani, wao husema Kurwa. Muhammed Saleh Farsy alichapisha hadithi ya Kurwa na Doto wa kijiji cha Unguja mwaka 1960. Mimi naona yaliteremka na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo karne ya 19. Mzanzibari mmoja kazini kwetu hataki hata kulisikia hilo.

Sherehe sasa. Zamani mapacha hawakuwa furaha tupu. Bibi alisimulia kwamba waliogopwa, na wazazi walifanyiwa dawa kabla ya kuchangamana na watu. Na nyimbo zake! Matusi ya nguoni, hadharani, mbele ya wakwe ambao siku nyingine hata kutazamana usoni ni mwiko. Bibi alikuwa mtu wa rozari, lakini akifika hapo hujiziba mdomo kwa khanga, akaimba mstari mmoja, akacheka mpaka machozi. Wakati wa mama yangu yalibaki vigelegele na sharti la zawadi kuja jozi. Mjomba aliyeleta kuku mmoja alirudishwa njiani akatafute wa pili.

Kuhusu mkeo, usimlazimishe. Kwenye cheti cha kuzaliwa andikeni mtakayokubaliana, maana mama yako atawaita Kulwa na Doto hata mkiandika nini, na mtaa mzima utafuata. Kaka yangu ana jina zuri tu la ubatizo, lakini hadi bosi wake anamwita Doto. Ila mwambie shemeji mapema kwamba mkizaa tena, huyo wa tatu kwa ukoo wako ni Shija tayari. Kama kuna majina ya mababu wa Kichaga anayoyataka, ayaombee nafasi kwenye vyeti vya hawa mapacha sasa hivi, wakati bado mnabembelezana.