Fungua swichi, usiwashe injini: nilivyojifunza kuipima sensa ya MAP

Sensa ya kwanza ya MAP niliyonunua maishani niliinunua bila sababu. MAP ni sensa inayopima presha ya hewa ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Gari lilikuwa limeacha kuvuta. Ukikanyaga mafuta linanguruma tu, mwendo hauongezeki, na taa ya injini inawaka. Skana, kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu za gari, ikatoa P0106. Nikasoma maelezo yake, nikaona maneno "presha ya manifoldi", na kwangu mimi kesi ikawa imekwisha. Nikafunga sensa mpya, nikafuta msimbo. Siku ya pili taa ikarudi.

Mkosaji alikuwa mpira wa hewa unaotoka kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa. Ulikuwa umechanika upande wa chini, na ufa wenyewe ulifunguka pale tu tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ilipoanza kusukuma. Gari likiwa limesimama, ungeutazama mpira ule ukaapa kuwa ni mzima.

Kosa langu lilikuwa kuisoma P0106 kama hukumu. Msimbo huo hausemi sensa imekufa. Unasema presha inayosomwa hailingani na ile ambayo kompyuta ya gari inaitarajia kwa mzunguko ule wa injini na kwa kiasi kile cha mafuta ulichokanyaga. Huenda sensa inasema kweli tupu na tatizo liko kwenye mipira. P0107 na P0108 ni habari nyingine: hizo zinahusu umeme wa ishara kuwa chini mno au juu mno, kwa hiyo anza na waya na soketi. Ukiona P0299, msimbo wa tabo kutosukuma vya kutosha, imeandamana na P0106, kagua kwanza njia yote ya hewa kutoka kwenye tabo.

Siku hizi kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata kufungua boneti. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha usome MAP kwenye skana. Injini ikiwa imezima, ndani ya manifoldi kuna hewa ileile uliyosimama nayo nje, kwa hiyo sensa lazima isome presha ya anga. Usawa wa bahari ni kama kilopaskali (kPa) 101. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 hushuka hadi kama 83, na hapo wengi hushtuka bila sababu. Magari mengi ya tabo yana sensa nyingine ya presha ya anga, na baadhi yana ya tatu kabla ya throto, ule mlango wa hewa ya injini. Zote zinapaswa kukubaliana, tofauti isizidi kPa chache. Moja ikijitenga na wenzake, umempata mtu wako.

Ukishawasha, injini ya petroli iliyopata moto na isiyokanyagwa mafuta husoma kati ya 30 na 40 hivi. Ya dizeli usiitegemee ishuke hivyo, kwa kuwa kwa kawaida haibanwi hewa na throto. Itabaki karibu na presha ya anga, na hiyo ni sawa. Kisha endesha kwenye mlima, ukanyage. Namba ipande na kuipita presha ya anga bila kusitasita. Ikigota palepale kwenye 100, ama hewa inavuja, ama tabo haisukumi, ama sensa imeganda. Kile kipimo cha swichi peke yake hakitakuambia ni ipi, maana sensa iliyoganda inaweza kuganda kwenye namba nzuri.

Ukitumia multimita, kuna mtego mmoja uliowanasa mafundi ninaowaheshimu. Sensa ya gari lisilo na tabo hutoa karibu volti 4.5 injini ikiwa imezima, kwa sababu presha ya anga ndiyo kilele chake. Ya tabo imetengenezwa kupima bar 2 au 3 (bar 1 ni kPa 100), kwa hiyo presha hiyohiyo inaweza kutoa volti 1.7 tu. Ukishika jedwali la gari lisilo na tabo utaitupa sensa nzima. Kwenye soketi tafuta volti 5, kisha earth (hasi), kisha ishara. Waya wa nne, kama upo, ni wa joto la hewa. Volti 5 zikikosekana usiilaumu sensa hii, kwani mara nyingi zinagawiwa na sensa nyingine, na moja ikipiga shoti zote zinakosa.

Kabla ya kununua, ichomoe na uitazame ncha yake. Mvuke wa oili na masizi ya EGR, mfumo unaorudisha moshi kwenye injini, huziba kile kitundu, na sensa inakuwa nzito kujibu. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, iache ikauke. Usichokoe na sindano! Angalia na oringi, ile pete ya mpira, maana ikikatika inavuta hewa pembeni. Ukilazimika kununua, linganisha namba iliyoandikwa kwenye sensa yenyewe. Soketi kufanana si hoja. Ya bar 2 huingia vizuri kabisa mahali pa ile ya bar 3, halafu kompyuta inakosea hesabu ya mafuta.

Gari langu lilikaa miaka kadhaa na ile sensa niliyoinunua bila sababu, kisha likaanza kutoa moshi mweusi na kunuka petroli. Nikafungua swichi: sensa ya anga 99, MAP 121. Kompyuta ilikuwa ikiamini kuna hewa nyingi kuliko iliyokuwepo, na kumwaga mafuta ya kutosha hewa hiyo. Safari hii sensa ndiyo ilikuwa mwongo. Nikaenda kwenye boksi la spana, nikaitoa ile ya zamani niliyokuwa nimeihukumu, nikaisafisha, nikaifunga. Ikasoma 100. Ndiyo iliyomo mpaka leo.