Mume ananyamaza, mimi nataka kuongea: ni homoni?

Dada, umeuliza kama ni homoni zinazomfanya mumeo ajifungie kimya akiwa na msongo, ilhali wewe unatafuta mtu wa kuongea naye. Kwa sehemu, huenda. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Shelley Taylor na wenzake walipendekeza kwamba wanawake wenye msongo huelekea zaidi kulea watoto na kushikamana na wenzao, wakisukumwa na oksitosini (homoni ya ukaribu na malezi) inayosaidiwa na estrojeni, homoni ya kike.

Testosteroni, homoni ya kiume, kwa mwanamume ni nyingi mara kadhaa kuliko yako, na husingiziwa mengi kweli! Ila maisha nayo huibadilisha. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa 2011 uliwafuatilia vijana wa kiume: waliopata watoto, testosteroni yao ilishuka sana, na waliowahudumia watoto saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasiowahudumia.

Kwa hiyo usikubali "ndivyo nilivyoumbwa" kama jibu. Mwache apumue kwanza, halafu mwombe mzungumze mkiwa mnatembea au mnafanya kazi pamoja. Kimya kikidumu wiki nyingi, na usingizi umempaa, aende kwa daktari.