Mistari na mipindo: tazama kwanza mstari unaishia wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini picha zako za uzio, barabara na ngazi zinatoka bapa ilhali mistari imejaa tele, na kama mwenye simu tu anaruhusiwa kwenye changamoto hii ya kupiga picha za "mistari na mipindo". La pili nalimaliza hapa hapa: shiriki bila wasiwasi. Picha zangu ninazozipenda zaidi katika mada hii karibu zote ni za simu. La kwanza ndilo lenye maneno.

Nilipojaribu mada ya namna hii mara ya kwanza nilipeleka picha ya vyuma vya ukingo wa ngazi. Vilikuwa kama 20, vimejipanga kama askari wa gwaride, kivuli safi chini yake. Nikajiona fundi. Mshiriki mmoja akaniandikia neno moja tu: "Halafu?" Nilinuna siku nzima. Jioni nikaifungua tena ile picha, nikaona alichokiona yeye: jicho linaingia kushoto, linafuata vyuma, linatokea kulia na kwenda zake. Njiani halikukutana na kitu.

Tangu hapo nikiona mstari nauliza unakwenda kwa nani. Ukiishia kwenye mlango, mtu aliyekaa, doa la mwanga, hata giza tupu, basi picha ipo. Usipoishia popote, nasogea hatua mbili tatu kutafuta mwisho mwingine, au nasubiri mwisho uje wenyewe. Pengine umewahi kuiona ile picha ya Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa, aliyoipiga Hyères, Ufaransa, mwaka 1932: ngazi inajizungusha kushuka, ukingo wake wa chuma unazunguka nayo, na huko chini mtu wa baiskeli anakatiza mbio hadi umbo lake limetoka na ukungu pichani. Mwondoe huyo wa baiskeli uone kinachobaki. Ni ngazi nzuri, basi.

Sasa jambo lililonichukua muda mrefu kuling'amua, na ambalo nadhani ndilo linalokusumbua: urefu wa kamera kutoka ardhini. Wengi wetu tunapiga tukiwa tumesimama wima, simu usawa wa uso, kila picha. Lakini mstari ulionyooka na mstari uliopinda haviombi kitu kimoja. Mistari miwili iliyolala chini sambamba, kama kingo za njia, ukiishusha kamera hadi usawa wa kifundo cha mguu inatanuka mbele yako kisha inakimbilia kukutana kule mbali kwa nguvu. Ukiwa umesimama, mistari ile ile inakuwa imebanana na imepoa. Kwa hiyo kwa iliyonyooka, shuka. Piga magoti, geuza simu juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi.

Kwa njia iliyopinda ni kinyume. Ukiinama, ile herufi S uliyoiona inabanwa na kuwa mawimbi membamba yasiyosomeka. Panda. Ngazi tatu tu zinatosha kuifungua, na ukipata ghorofa ya juu ni bora zaidi. Kama huna pa kupanda, rudi nyuma sana uvute kwa lenzi ndefu: mipindo itaonekana imerundikana mmoja juu ya mwingine, na hilo nalo lina utamu wake. Mimi nilipoteza miezi nikipiga magoti mbele ya kila kona niliyoiona, kwa sababu mtu aliniambia kushuka chini ndiyo siri. Ilikuwa siri ya nusu.

(Ukiona reli, usishuke kwenye reli. Hakuna changamoto ya kirafiki yenye thamani hiyo.)

Kama huna nafasi ya kutoka, mada hii inamalizika ndani ya nyumba, na nathubutu kusema ndani ni rahisi zaidi kwa sababu mwanga unautawala wewe. Edward Weston, mpiga picha Mmarekani, mwaka 1930 alichukua pilipili hoho moja, akaiweka ndani ya faneli ya bati, akapata picha ambayo hadi leo watu wanaitazama kama mwili wa binadamu. Ni mipindo na mwanga tu. Jaribu kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu, ukingo wa kijiko, kamba iliyoachiwa mezani.

Mchezo ninaoupenda mimi ni wa kivuli. Chukua penseli, weka karibu na mtungi au chupa isiyopitisha mwanga, washa taa moja pembeni ili kivuli cha penseli kikate mshazari juu ya mtungi. Penseli imenyooka, kivuli chake kimepinda: mstari na mpindo, vyote viwili ndani ya fremu moja. Ila angalia unaposimama. Ukiweka kamera pale pale ilipo taa, kivuli kinajificha nyuma ya penseli na hutaona mpindo wowote. Kadiri unavyosogea pembeni mbali na taa, ndivyo kivuli kinavyojikunja. Mara ya kwanza nilikaa nusu saa nikilaumu mtungi.

Machache ya kiufundi, haraka. Lenzi pana sana (ile inayochukua eneo kubwa kwa mara moja) hupindisha mistari iliyo pembezoni mwa fremu, hata kama kitu chenyewe kimenyooka; mstari unaopita katikati hausumbuliwi, kwa hiyo ule muhimu upitishe hapo. Ukielekeza kamera juu, nguzo zitaegemeana kama zinaanguka; ukitaka zisimame, weka kamera wima na urudi nyuma. Washa mistari ya gridi kwenye simu, ile ya kupimia inayotokea kwenye kioo unapopiga. Na ukiamua kuinamisha picha, inamisha kweli kweli: nyuzi 20 mtu anaelewa ulikusudia, nyuzi 2 anadhani ulikuwa unapiga chafya.

Rangi? Nikiwa na shaka naitazama picha kwanza kwa nyeusi na nyeupe. Mistari isipoonekana hapo, ni rangi ndiyo iliyokuwa inanidanganya.

Kuhusu picha zako tatu. Ya uzio iache, haina mwisho, hata ukiikata vipi. Ya barabara irudie kutoka juu, asubuhi jua likiwa bado liko chini, ili kingo zipate kivuli. Ile ya ngazi ya mzunguko, uliyoomba radhi kwamba kuna mtu kasahau ndoo chini kabisa, usiipige upya wala usiifute hiyo ndoo. Kata upande wa kulia hadi ule ukuta mtupu utoke, halafu fuata ngazi kwa kidole kuanzia juu. Kidole kitasimama kwenye ndoo. Ipeleke hiyo.