Maswali na Majibu: Vyuo vya Marekani vinahama, watani watakutana wapi?

Nasikia Pac-12, konferensi (yaani ligi ya michezo) ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ilisambaratika. Ilikuwaje? – Msomaji, Dodoma

Historia yake inaanzia 1915, lakini kuvunjika kwake kulichukua miezi kumi na minne tu. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vikubwa vya Los Angeles, vilitangaza kuhamia Big Ten, konferensi yenye asili yake majimbo ya kati kaskazini. Mwaka uliofuata Colorado nayo ikaaga. Waliobaki walikuwa wanasubiri mkataba mpya wa matangazo, na walicholetewa ni ofa ya Apple ambayo mapato yake yangetegemea wangapi watalipia kutazama. Tarehe 4 Agosti 2023, ndani ya siku moja, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12, konferensi nyingine kubwa. Stanford na California (chuo kikuu cha Berkeley) wakapokewa ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki. Wakabaki wawili, Oregon State na Washington State, ambao wamelishikilia jina na kuanzia 2026 wanaanza upya na akina Boise State na Fresno State.

Chanzo ni televisheni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliinyang'anya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kudhibiti matangazo ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, na tangu hapo konferensi huuza mechi zao zenyewe. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7. Simlaumu mkuu wa chuo anayezikimbilia fedha hizo. Kinachoniuma ni kwamba futiboli ilipohama ilizikokota na timu nyingine zote. Leo binti anayecheza wavu UCLA anasafiri karibu kilomita 4,000 kwenda Rutgers, New Jersey, kwa mechi ya ligi, kisha anarudi kufanya mtihani.

Stanford wako ufukwe wa Pasifiki, na konferensi yao ni ya Atlantiki. Kuna mantiki? – Msomaji, Mombasa

Kwa ramani, hakuna. Ila walihama pamoja na California, jirani zao, kwa hiyo mechi yao kubwa iliyoanza 1892 ingalipo.

Hasheem Thabeet wetu alicheza kikapu UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut. Ni kweli chuo hicho kilihama kikarudi? – Msomaji, Mwanza

Ni kweli, na kisa hiki ndicho kinachonipa moyo kuliko vyote.

Thabeet alipokuwa Connecticut, Big East ilikuwa konferensi ya kikapu ambayo kila wiki ilikuwa na vita. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa konferensi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Machi mwaka huo, New York, UConn na Syracuse walicheza hadi usiku wa manane, vipindi sita vya nyongeza, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Miaka minne baadaye Syracuse na Pittsburgh wakaifuata futiboli ACC. Vyuo vya Kikatoliki vikajitenga, vikaondoka na jina la Big East, na UConn ikajikuta konferensi moja na vyuo vya Texas na Florida ambavyo mashabiki wake hawakuwa na kisa navyo chochote.

Haikuwa kwamba walifeli. Wanaume walitwaa ubingwa wa taifa 2014, na wanawake walicheza mechi 139 dhidi ya wapinzani wa konferensi ile bila kupoteza hata moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe: ushindani haupo pale ambapo mmoja hashindwi kamwe na mwingine hana la kulipiza. Mwaka 2019 UConn walikubali kulipa dola milioni 17 za kujitoa, na 2020 wakarudi Big East kwa Providence, St. John's na Georgetown, futiboli yao ikabaki bila konferensi. Wanaume wakawa mabingwa 2023 na 2024. Sisemi ujirani ndio uliofunga vikapu, lakini nina hakika uliirudishia timu watu wake.

Je, watani wa jadi hawawezi kupanga mechi hata wakiwa konferensi tofauti? – Msomaji, Arusha

Wanaweza, wakitaka. Washington na Washington State wamekubaliana kuendelea hadi 2028. Lakini timu ya futiboli ina mechi kumi na mbili za msimu, nane au tisa tayari ni za konferensi, na nafasi chache zinazobaki hupewa wapinzani wepesi. Ndiyo maana Texas na Texas A&M walinuniana tangu 2011 hadi Texas ilipowafuata SEC, konferensi ya kusini mashariki, mwaka 2024; Texas wakashinda 17 kwa 7. Hama hiyohiyo iliwachukua Oklahoma, na mechi yao na Oklahoma State, iliyochezwa zaidi ya miaka mia, ikakatika Novemba 2023 kwa ushindi wa 27-24 wa Oklahoma State.

Binti yangu amepata ufadhili wa kukimbia katika chuo kinachohama konferensi. Niogope? – Mama, Eldoret

Usiogope, mama, ila uliza. Wavu huwa na mechi za konferensi wiki hadi wiki. Wakimbiaji hukutana na konferensi nzima hasa kwenye mashindano ya ubingwa, kwa hiyo safari ndefu si nyingi. Hatari iko kwenye bajeti. Washington State, chuo alikosoma Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, kilitangaza 2025 kuondoa michezo ya kuruka na kurusha na kujikita kwenye mbio ndefu. Tena, tangu mwaka huo, vyuo vinavyolipa wanamichezo moja kwa moja vimewekewa kikomo cha wachezaji: timu ya mbio za nyika, watu 17.

Kwa hiyo muulize kocha: ufadhili ni wa mwaka mmoja au hadi amalize shahada? Binti yumo kati ya hao 17? Kocha akiondoka, ahadi inabaki? Ayajibu kwa maandishi kabla binti hajasaini.