Jibu: Ile nyumba ya roshani pale Mizingani ilikuwa ya nani?

Ndugu, umeuliza kama Zahanati ya Kale, lile jengo la roshani za mbao linalotazama bandari ya Unguja lilikuwa kasri ya sultani. Wala! Wengi hudhani hivyo kwa ule urembo wake.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kushika forodha za sultani. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali ya maskini. Akafariki 1891 jengo halijaisha. Mjane wake ndiye aliyelimaliza. Hospitali yenyewe haikuwa. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa fedha za hisani za mfanyabiashara mwingine wa Kihindi: chini zahanati, juu watu wakaishi. Ndiyo asili ya jina Zahanati ya Kale.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa la serikali, likachakaa vibaya, hadi miaka ya 1990 Aga Khan Trust for Culture, shirika la utamaduni, walipolikarabati.

Ukifika, usiishie kupiga picha barabarani. Ingia uani, uinue macho uone zile nakshi na vioo vya rangi.