Hesabu pumzi kwanza: kwa wauguzi mnaoanza kazi wodini

Fungua faili lolote wodini, shuka na safu ya upumuaji kwenye chati. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20 kutoka juu mpaka chini, asubuhi na usiku, kwa mwenye nimonia na kwa aliyevunjika mguu. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo namba hiyo hupita bila kuulizwa. Wadogo zangu, hiyo imeandikwa mezani bila kuhesabu.

Naanzia hapo kwa sababu mgonjwa anapoanza kuharibika, pumzi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika. Presha huchelewa. Mwili huishikilia kwa kuongeza mapigo na kubana mishipa, na mpaka ishuke, mgonjwa ameshatumia akiba yake yote. Wengi wetu tunakimbilia mashine ya presha kwa sababu inalia na kutoa namba yenyewe.

Kuhesabu pumzi kuna ujanja wake. Pima mapigo, ukimaliza usiuachie mkono wa mgonjwa. Uendelee kuushika huku macho yako yakiwa kifuani, dakika nzima kwa kufuata saa. Akijua unahesabu anavyopumua, atabadilisha. Mtoto mwache mikononi mwa mama yake, asiwe analia wala ananyonya, umwombe mama ampandishe nguo. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, na hapo rudia kuhesabu maana wachanga hupumua kwa kusitasita. Miezi 2 hadi 11 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta hewa, huyo si wa kusubiri raundi.

Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni msikiamini kupita kiasi. Vidole vya baridi na kucha zenye hina huweza kukivuruga. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu kinaweza kusoma asilimia 98, kwa kuwa kifaa kinaangalia damu iliyopo imebeba oksijeni kwa kiwango gani, hakijui damu yenyewe ni kiasi gani. Fungua kiganja chake, vuta kope ya chini, utazame mwenyewe kama pamepauka.

Sasa kuhusu utambuzi wa kiuguzi, yaani kutambua tatizo la mgonjwa ambalo ni kazi ya muuguzi kulishughulikia, ule mliokaririshwa chuoni mkauona ni makaratasi ya mtihani. Chukua wazee wawili ambao daktari amewaandikia kiharusi. Wa kwanza anameza vizuri ila hawezi kujigeuza. Tatizo lake kwako ni ngozi, kwa hiyo unamgeuza kila baada ya saa 2 na kukagua visigino, nyonga na makalio. Wa pili anajigeuza kidogo, lakini mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, na binti yake ameshafika na chupa ya uji, anamnywesha akiwa amelala chali. Uji huo unaweza kuishia mapafuni. Mzuie binti kwa adabu, mkalishe mzee wima, umpe kijiko kimoja cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, hali wala hanywi kitu mpaka daktari aamue njia ya kumlisha. Ugonjwa ni mmoja, kazi yako ni mbili tofauti, na hakuna daktari atakayekuandikia tofauti hiyo.

Ndugu nao wasikilizeni. "Shikamoo mama, tangu jana unamwonaje?" hutoa majibu ambayo hayamo kwenye chati: hajakojoa, leo hanitambui, mtoto amekataa titi. Aliyechanganyikiwa ghafla au mtoto wa malaria kali anayelala kupita kawaida, pima sukari hapohapo, kabla ya kumpigia mtu yeyote.

Na mkimpigia daktari wa zamu, msimwambie tu kwamba "hali si nzuri". Mwambie hivi: "Kitanda namba 7, mama wa miaka 50, nimonia, siku ya pili. Saa 2 usiku alikuwa anapumua 22, sasa saa 6 ni 32. Mapigo 124, oksijeni 88 bila mashine. Nimemkalisha, nimemwekea oksijeni. Naomba uje sasa." Asipotokea, mpigie aliye juu yake; hakuna utovu wa nidhamu hapo.

Kisha andika umempigia nani, amejibu nini, na muda. Muda uandikwe kwa mtindo wa saa 24: 20:00, 00:00. Ukiandika "saa 2" bila kusema ya asubuhi au ya usiku, au "2:00" ambayo mwingine ataisoma kizungu, anayepokea zamu hatajua kama dozi inayofuata imeshapita au bado.