Datsun 240Z iliyolala miaka saba haiwaki: usiendelee kupiga starta

Ndugu, kwa kuwa umesema betri ni mpya na starta inazungusha injini ya 240Z yako ya 1972 bila kushika, naomba usiipige tena kwa sasa. Kwanza chomoa plagi zote sita, tia mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, uyaache usiku kucha, kisha uzungushe injini kwa mkono, ukitumia spana kwenye boliti ya puli ya mbele, ili ringi zilizokauka zisichubue silinda.

Petroli iliyokaa miaka saba huchacha na kuacha utando unaonata, nao huziba jeti, yaani vitundu vyembamba vya kupitishia petroli, za kabureta zote mbili. Mwaga yote iliyomo tangini, ukague kutu ndani, ubadilishe chujio na mipira ya petroli, halafu ufungue kabureta na kusafisha vyumba vya floti, vinavyohifadhi petroli ndani yake.

Hata hivyo, ninachokishuku zaidi ni platini, yaani viguso vinavyofunga na kukata umeme ndani ya distribyuta ili plagi zitoe cheche. Gari likilala muda mrefu, nyuso zake hushika kutu nyembamba ambayo macho hayaioni kwa urahisi, na cheche hupotea ingawa koili, inayokuza umeme wa cheche, ni nzima. Zisugue taratibu kwa msasa laini, uzifute, kisha urekebishe mwanya uwe kati ya milimita 0.45 na 0.55.

Injini hii ni imara mno; 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwa hiyo usikate tamaa. Ikiwaka, badilisha mafuta ya breki kabla ya kuingia barabarani, kwani yamekwisha kufyonza unyevu.